Harufu ya Kivumbasi Haikaushi Mahindi

Imezuka hoja kwamba mafuta ya mimea, kama ya karafuu na kivumbasi, yatakomesha ukungu katika nafaka. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Katika maabara, mafuta ya karafuu huzuia kweli kuvu kuota. Lakini gunia la mkulima wa Usoke si chupa ya maabara. Gunia linapitisha hewa, mvuke wa mafuta hupotea, na mahindi yaliyowekwa mabichi huendelea kufukuta.

Chanzo cha kosa chajulikana. Mkoa wa Tabora ndiko dumuzi alikobainika nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu zamani wakulima huchanganya majani yenye harufu kali na nafaka ili kufukuza wadudu. Hiyo ni busara, na wala isidharauliwe. Ila mdudu akichukizwa huondoka. Kuvu haiendi popote maadamu unyevu upo.

Tusicheze na jambo hili. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 ikaua ndugu zetu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo ikishaingia katika punje haiondolewi kwa kupika, sembuse kwa manukato!

Tazameni kinyume kilichopo Urambo. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, kwa moto unaochungwa usiku na mchana na kwa kipimajoto, kwa kuwa ina mnunuzi. Mahindi atakayokula mtoto wa mkulima yuleyule huanikwa juu ya udongo mtupu. Je, ni mafuta ya mimea tuliyoyakosa hapo?

Watafiti na waendelee na mafuta yao. Sisi watumishi na walimu tunalo la kufanya msimu huu. Nafaka ishuke hadi unyevu wa asilimia 13. Pasipo kipimo, mwalimu atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, atikise, aache kitambo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yarudi juani. Kila ofisi ya kata iwe na kipimaunyevu na maturubai ya kuazimisha, na ghala la shule likaguliwe kwanza, kabla uji wa watoto haujapikwa.