Lile Tundu Juu ya Dirisha

Atlanta, Georgia

Mdogo wangu, na majirani zetu wote wa Umoja, Nairobi,

Video yako imenifikia: ukuta mweusi, moto wa gesi ukicheza nyuma ya kioo, na chini yake umeandika, "Dada, hii haihitaji hata bomba la moshi. Nitumie moja kabla ya Julai." Naelewa. Julai ya Nairobi haina utani, na ule mlango wako wa chuma hupitisha baridi kama chandarua. Lakini siitumi. Na kwa kuwa si wewe peke yako unayeitamani, nakujibu mbele ya watu.

Meko hiyo ya ukutani (si ile meko yetu ya kupikia, ya mtungi wa kilo 6) naijua vizuri. Mama mzee ninayemtunza usiku anayo sebuleni. Haina bomba, kwa hiyo chochote kinachotoka kwenye ule moto hubaki chumbani pamoja naye. Kila kilo ya gesi inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Ndiyo sababu madirisha yake hutoka jasho hadi alfajiri na pembe za ukuta zimeota kuvu. Moto huo unakula oksijeni ileile anayoivuta. Hewa ikipungua, gesi haiungui sawasawa, na hapo huzaliwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Jimbo la California haliruhusu kifaa hiki nyumbani. Hapa Georgia kinauzwa madukani, mchana kweupe.

Waundaji wake waliweka kinga: moto mdogo wa kuwashia wenye kihisi, kinachokata gesi oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18, kutoka 21 ya kawaida. Sasa sikia jambo ambalo wauzaji wa kwenye video hawalisemi. Miongozo mingi ya vifaa hivi huonya kwamba juu ya futi 4,500, karibu mita 1,370, moto huo mdogo unaweza kuzimika wenyewe kwa sababu hewa ni nyepesi. Nairobi iko juu ya mita 1,600. Utaiwasha, itazima. Utaiwasha tena, itazima tena. Utamwita fundi, na fundi wetu unamjua, hashindwi na kitu: atakihadaa kile kihisi, na kuanzia hapo moto utawaka bila kuzimika, hata usiku ule uliopaswa kuzimika. Mimi siogopi meko hiyo kama ninavyoogopa ujanja wetu.

Unakumbuka nyumba yetu ya kwanza, lile tundu la hewa juu ya dirisha? Kila Juni Mama alipanda kwenye stuli akaliziba kwa gazeti, baridi isiingie, na mbu pia. Kisha jiko la makaa likaingizwa ndani, jekundu, bila moshi, nasi tukalifurahia kama mgeni. Asubuhi moja tuliamka vichwa vikituwanga, wewe ukatapika mlangoni, na jirani akasema ni malaria. Haikuwa malaria: makaa nayo hutoa kaboni monoksidi ileile. Kilichotuokoa nadhani ni mlango wa nyumba ile, ambao haukuwahi kufunga vizuri.

Siku hizi hali ni mbaya zaidi. Maghorofa ya huko yamebanana kiasi kwamba ukifungua dirisha unagusa ukuta wa jirani. Hewa itapita wapi?

Tangu lori la gesi lilipuke kule Mradi, Embakasi, Februari 2024, najua mnauogopa mtungi, na mna haki. Lakini gesi inayovuja utainusa, maana huongezwa harufu makusudi, nayo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Fungua mlango, usiguse swichi, toka. Makaa hayakupi onyo hilo. Watu hulala tu.

Kwa hiyo ndani ya kifurushi ninachokutumia utakuta ving'ora viwili vya kaboni monoksidi, vya betri. Kimoja chako, karibu na mlango wa chumba cha kulala. Kingine mpe yule mama wa chumba cha pili anayechemsha githeri ndani usiku. Kikilia msibishane: nje wote, hata aliye na nguo za kulalia. Jiko libaki nje hadi makaa yafe kabisa, na meko ya kupikia isiwe ya kuota moto. Hita ya stima itakumalizia tokeni, najua. Basi iwashe kidogo kabla ya kulala, kisha uizime.

Nimetia pia blanketi mbili, zile nzito. Na leo usiku, kama nawe umeliziba tundu lako la hewa, panda kwenye stuli, ulitoe gazeti.

Dada yako.