STAA, WANAO WANAIJUA THELUJI YA DUBAI, SANJE JE?

Leo nina moja tu, na mwenye nayo akipita hapa atajijua.

Kuna dada staa, kwao Ifakara, jina nalihifadhi. Wiki nzima anatupangia likizo ya wanae: Dubai, kuteleza kwenye theluji. Hela zake, hatumpangii. Kilichoniuma ni kusema eti Bongo hakuna pa kupeleka watoto.

Hakuna? Hiyo theluji ya Ski Dubai iko ndani ya jumba la maduka, inatengenezwa na mashine tangu 2005. Sisi huku Udzungwa tuna maporomoko ya Sanje, mita 170, yanamwagika bila mashine. Msitu huohuo una aina ya kima waliogunduliwa na wanasayansi 1979, hawapo kwingine duniani. Wazungu wanapanda ndege kuja kuwaona. Wanao hata kuwasikia bado.

Na usidhani yanaishia kwako. Shabiki wako wa Kibaoni anaona hizo picha, anakopa kausha damu ampeleke mwanae kutembea Dar, wakati mlima anaouona kila asubuhi hajawahi kuukanyaga. Mlima huohuo ndo unaleta maji kwenye mpunga wetu. Mtoto asiyeujua atautetea vipi wakianza kuufyeka?

Nenda Dubai dada, kula bata. Ukirudi panda treni ya TAZARA, shuka Mang'ula, wapandishe wanao Sanje. Hizo picha ndo tupostie.

Wadau, nimekosea wapi? Tiririkeni hapo chini.