Nyasi na Tembo: Methali Isiyotutosha

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika midahalo ya shule yetu, kila inapotajwa habari ya mataifa makubwa, haukosi kumsikia mtu akisimama na kusema, "Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi." Wasikilizaji hupiga makofi, na hoja huishia hapo. Mimi naona kwamba methali hii, ingawa ni ya kweli, haitutoshi. Na tukiitumia ovyo yatudanganya. Nyasi hazina mlango wa kufungua wala wa kufunga. Nchi ina mlango, na mlango una bawabu.

Twajua sote kwamba baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Marekani na Urusi ya Kisovieti zilishindana duniani kote hata karibu na mwisho wa karne. Nchi zetu zilipata uhuru katikati ya mashindano hayo: Tanganyika mwaka 1961, Uganda 1962, Unguja na Kenya 1963. Kila upande ulikuja na zawadi mkono mmoja na masharti mkono wa pili.

Sisemi kwamba hapana nchi iliyoonewa. Jirani zetu wa Kongo walipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Waziri Mkuu wao, Patrice Lumumba, aliomba msaada kwa Umoja wa Mataifa, kisha kwa Urusi. Marekani na Ubelgiji zikamhesabu kuwa adui. Akauawa Katanga tarehe 17 Januari, 1961, hata mwaka mmoja wa uhuru haujatimia. Lakini tusisahau kwamba waliomkamata na kumpeleka Katanga walikuwa Wakongo wenzake. Tembo hakuvunja ukuta, alifunguliwa.

Sasa na tutazame bawabu wawili wa upande wetu wa ziwa.

Wa kwanza ni Mwalimu Nyerere. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi haikupenda Ujerumani ya Mashariki, iliyokwisha kukaribishwa Unguja, iwe na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi ili kutulazimisha. Mwalimu akajibu kwamba, ikiwa msaada ni kamba ya kutuvutia, basi na wauchukue msaada wote wa serikali yao. Desemba mwaka huo huo tukavunja ubalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukatupotea. Hasara hizo hazikuwa ndogo kwa nchi maskini. Lakini tangu hapo kila mgeni alijua kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Wa pili ni Idi Amin. Aliponyakua serikali ya Uganda Januari 1971, Uingereza na Israeli zilimfurahia. Mwaka uliofuata akawafukuza Waisraeli, akaigeukia Libya, na silaha akazipata Urusi. Kwake yeye rafiki alikuwa yule anayeleta bunduki, wala hakuuliza bunduki hizo zitamfaa nini mkulima wa Masaka au mvuvi wa Jinja.

Matokeo yake sisi watu wa Ziwa tunayajua. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaua na kupora mkoani Kagera. Na tarehe 29 Machi, 1979, ndege ya Libya iliyotengenezwa Urusi iliruka mpaka hapa Mwanza ikitafuta ghala la mafuta. Ililikosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua wanyama kadhaa. Basi asije mtu akatuambia kwamba mashindano ya wakubwa yalikuwa mambo ya Berlin tu.

Tena kuna jambo la kutafakari. Vijana wetu nao walipigana kwa silaha za China na za Urusi. Ile mizinga ya roketi iliyotisha sana vitani, ambayo Waganda waliiita Saba Saba, ilitoka nchi ile ile iliyomuuzia Amin vifaru. Mkulima wa Kitanzania na mkulima wa Kiganda waliuana kwa chuma cha kiwanda kimoja. Ushindi tuliupata Aprili 1979, lakini gharama tuliibeba sisi wenyewe kwa sehemu kubwa. Mwalimu aliwaomba wananchi miezi 18 ya kufunga mikanda. Wazazi wetu wanajua kwamba dhiki ilidumu kuliko hiyo.

Najua wengine watajibu, "Maskini hana haki ya kuchagua." Sikubali. Sisemi tukatae kila msaada. Reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, yenye kilometa 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa. Hiyo haikuwa aibu, kwa kuwa sisi na Zambia tuliitaka reli hiyo kabla Wachina hawajaja. Na daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lilijengwa na makampuni ya China kwa fedha za Serikali yetu. Fundi aliitwa, akalipwa. Hakuja kuwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo, wenzangu, tuache kubishana darasani ni taifa gani kubwa lililo rafiki wa kweli. Tembo ni tembo, awe wa Mashariki au wa Magharibi. Swali la haki ni hili: sisi tunataka nini, na nani anashika mlango? Baada ya miaka michache baadhi yetu tutakuwa maofisa, wahandisi na wabunge, nasi ndio tutakaotia sahihi mikataba. Mwenye kutia sahihi bila kusoma, au kwa kupewa bahasha, asije baadaye akajiita nyasi.

Ningependa kusikia majibu ya wenzangu katika toleo lijalo.