SIHA YA NYUMBANI: Picha Moja si Hukumu

Katika maradhi yampatayo mwanadamu, yako yajayo kwa kishindo, na yako yaendayo kimya kimya. Miongoni mwa haya ya pili ni yale waitayo matabibu maltipo sklerosisi, hasa ile namna yake isiyopumzika, ambayo huzidi mwaka hata mwaka.

Asili yake ni hii. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakaushambulia utando uitwao mayelini, uivikao mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Utando ukiharibika, amri za ubongo huchelewa njiani au hazifiki kabisa, na mwisho mshipa wenyewe hufa. Jean-Martin Charcot, tabibu wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1868, lakini zama zile mabaka yake hayakuonekana ila kwa kupasua maiti. Mwaka 1981, mjini London, mashine ya MRI ilionyesha katika wagonjwa walio hai mabaka mengi ambayo mashine za kabla yake hazikuyaona.

Sasa, ndugu msomaji, mgonjwa apigwapo picha akaambiwa, "Hapana baka jipya," je, ndiyo kusema maradhi yamesimama? La, sivyo. Katika namna hii isiyopumzika mabaka mapya huwa machache; uharibifu huenda taratibu kandokando ya mabaka ya zamani na ndani ya mishipa yenyewe. Dawa ya gadoliniamu, ambayo hudungwa mwilini ili baka bichi ling'ae pichani, mara nyingi haing'arishi kitu, na huku miguu ya mgonjwa yazidi kuwa mizito.

Basi wataalamu hupima nini? Hupima kupungua. Ubongo wa mtu mzima mwenye afya hupungua kwa mwaka yapata sehemu 1 hadi 3 katika kila 1000. Wa mgonjwa asiyetibiwa hupungua yapata sehemu 5 hadi 13. Uti wa mgongo nao hupimwa unene wake shingoni, na kukonda kwake hulingana na udhaifu wa viungo zaidi kuliko hesabu ya mabaka ya ubongoni. Lakini vipimo hivi ni vidogo mno. Upungufu wa maji mwilini, dawa za kutuliza uvimbe, au kubadili mashine tu, vyaweza kukuficha kupungua huko au kukuzua. Kwa hiyo picha hulinganishwa za mashine ile ile, kwa utaratibu ule ule, muda baada ya muda.

Natutazame mfano. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya dawa iitwayo okrelizumabu kwa wagonjwa 732 ambao maradhi yao yalikuwa ya namna hii tangu mwanzo. Kati ya juma la 24 na la 120, ubongo wa waliopewa dawa ulipungua sehemu 0.90 katika 100. Wa wasiopewa, sehemu 1.09. Na waliozidi kulemaa walikuwa yapata 33 katika kila 100, badala ya 39. Mwaka huo huo Marekani iliikubali, ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa wagonjwa hawa. Haikuyaondoa maradhi, bali iliupunguza mwendo wake.

Liko jambo liwapasalo watu wa nyumbani kulishika. Mgonjwa hurudi na picha isiyo na baka jipya, kisha akashindwa kupanda ngazi au kuinua ndoo, naye akaitwa mvivu au mwenye kujifanya. Huko ni kumdhulumu. Picha iliulizwa habari ya mabaka, haikuulizwa habari ya miguu.

Zihifadhini picha zote za zamani, msizitupe, na kila mwendapo kwa tabibu mzichukue. Kila baada ya miezi michache mpimeni mgonjwa muda autumiao kutembea mita 8 katika ukumbi ule ule, mkauandike pamoja na tarehe. Na asemapo kuwa mwaka huu mwili ni mzito kuliko mwaka jana, yaandikeni hayo pia, mkampe tabibu ayasome kabla hajaitazama picha.