Unastaafu? Usikodi lori bado

Msomaji, kama umetimiza miaka 59 na wewe ni mfanyakazi wa serikali, bila shaka unalo daftari mahali fulani lenye hesabu. Umeandika kiinua mgongo utakacholipwa, bei ya mabati, bei ya ng'ombe wawili wa maziwa, na gharama ya lori litakalobeba vyombo vyako kutoka Nairobi hadi kwenu. Tangu mwaka wa 2009, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipoongezwa kutoka miaka 55 hadi 60, tumepewa miaka mitano zaidi ya kupiga hesabu hizo. Nimeonyeshwa madaftari kadha na marafiki zangu. Sijaona hata moja lenye ukurasa wa afya.

Kwa kawaida swali la mahali pa kuishi baada ya kustaafu huchukuliwa kuwa la pesa na la mila. Mwenye shamba kwao akibaki mjini baada ya kazi kwisha huonekana kama mtu aliyepotea, na wazee wa ukoo humtumia salamu zenye miiba. Mimi nashikilia kwamba daktari wako anafaa kuulizwa kabla ya wazee hao, na nina sababu.

Ndugu yangu mkubwa alistaafu mwaka wa 2016 baada ya kuwa karani kwa miaka 33. Alikaa mtaa wa Umoja, alikuwa na presha, na kila mwezi alichukua dawa zake katika kliniki iliyokuwa hatua chache kutoka afisini mwao. Wiki mbili baada ya karamu ya kumuaga, lori lilikuja. Alipofika nyumbani kwetu, kaunti ya Busia, alikwenda zahanati ya karibu akaambiwa dawa zake zimekwisha, ajaribu wiki ijayo. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Halafu akaona hana haja nazo tena. Hewa ilikuwa safi, mboga zilikuwa za kienyeji zilizochumwa asubuhi hiyo hiyo, kelele za matatu hazikuwapo, na kichwa hakikumwuma. Tatizo ni kwamba presha haina desturi ya kuumiza kichwa kabla ya kubisha hodi.

Mwezi wa tano, saa saba za usiku, aliamka kwenda haja akiwa mzima. Aliporudi kitandani mkono wa kulia haukunyanyuka na maneno hayakutoka. Aliyesikia kishindo ni mpwa wetu aliyelala nyumba ya pili. Mwenye bodaboda alikataa kuja kwa sababu ya matope, ikabidi mgonjwa abebwe kwa mkokoteni hadi barabara ya lami na kungoja gari hapo. Walifika hospitalini saa nne asubuhi.

Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo. Inafaa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili za kiharusi zionekane, na kabla ya kutolewa ni lazima mgonjwa apigwe picha ya ubongo, kwani kama ni mshipa uliopasuka dawa hiyo hiyo inaweza kumwua. Wewe hesabu saa mwenyewe. Sisemi kwamba angalikuwa Umoja angalipona. Hata hapa jijini si wengi wanaofikishwa panapostahili kwa wakati, wala si wengi wanaoweza kuilipia dawa yenyewe. Ninalosema ni dogo kuliko hilo: ndugu yangu alianguka kwa sababu ya vidonge vilivyokwisha na ambavyo hakuna aliyemwuliza kuvihusu kwa miezi mitatu.

Naye si peke yake. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Katika umri wetu wa miaka 60 hali haiwezi kuwa nzuri zaidi ya hapo.

Najua utakaloniambia. Utasema babu yako aliishi kijijini hadi akapita miaka 90, hakujua kliniki ni nini, na alipanda mlima hadi wiki ya mwisho. Nami nilikuwa na babu wa namna hiyo. Lakini tunawakumbuka hao kwa sababu walibaki. Wenzao walioondoka wakiwa na miaka 50 tuliambiwa tu kwamba walirogwa. Tena babu yako hakukaa kwenye kiti cha afisi miaka 35 akinywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari saa nne na saa kumi.

Kama kwenu ni Busia, Siaya, Homa Bay, Migori au Kilifi, kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hulisahau. Mtu aliyekulia katika eneo la malaria huumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake hujifunza kupambana na vijidudu vya ugonjwa huo hata visimlemee. Kinga hiyo si ya kudumu. Ukikaa Nairobi miaka 30, mahali ambapo malaria ni adimu, hupungua kidogo kidogo, na ukirudi unaugua kama mgeni ilhali unajiona mwenyeji. Jirani yako aliyebaki kijijini atapata homa ya siku mbili na kurudi shambani, lakini wewe huenda ukalazwa. Basi lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa ikikushika nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, usimeze vidonge vya maumivu ukingoja ipite. Ndugu zako watasema umekuwa Mzungu. Waache waseme.

Kuhusu bima nitasema machache, maana habari zake hubadilika. Kwa wafanyakazi wengi, bima inayolipwa na mwajiri hukoma pamoja na kazi, na kampuni za bima husita kumpokea mteja mpya aliyepita miaka 60, hasa akiwa na kisukari au presha. Ulipokuwa kazini mwajiri alikukata asilimia 2.75 ya mshahara na kuipeleka katika bima ya SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Hukujishughulisha. Ukishastaafu hakuna wa kukupelekea. Mtu asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wake na kutakiwa alipe mchango wa mwaka mzima, nao haupungui shilingi 300 kwa kila mwezi. Fanya mpango huo ungali mjini, kabla hujanunua ng'ombe. Kiinua mgongo chenyewe kinaweza kuchelewa kwa miezi, na ugonjwa haungoji hundi.

Sasa nije kwa jambo ambalo naona ndilo zito, ingawa wengi hulicheka. Katika madaftari ya wanaume niliyoyataja, mke huonekana mara moja tu, pengine kwenye mstari wa kuku. Mume ameamua kwamba wanarudi nyumbani. Hajamwuliza mwenzake. Naye huyo mwenzake ana chama chake cha kila mwezi, ana kanisa au msikiti ambako anajulikana kwa jina, ana wajukuu anaoachiwa mama yao aendapo kazini, na pengine ana duka dogo ambalo ndilo lililosomesha watoto wakati mshahara wa mzee ulipokuwa na shughuli nyingine. Hapingi kwa maneno. Husema tu, 'Tangulia, nitakuja.' Mwaka unapita, hajaja.

Mzee anabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Kupika hajui, kwa hiyo chakula ni ugali wa jioni na chai ya rangi mchana kutwa. Marika wake aliodhani atawakuta, nusu wamelala makaburini na waliobaki wana mazungumzo yao ambayo yeye hakuwapo yalipoanza. Anajikuta mgeni kwao. Kisha anagundua kwamba sokoni kuna mahali ambapo mtu mwenye pensheni hukaribishwa kwa shangwe, na kwamba glasi hazihesabiwi. Hakuna wa kumwuliza, 'Umemeza dawa?' Shemeji yangu alikuwa amebaki Umoja na mjukuu. Hata leo hujilaumu, ingawa hakuna aliyemlaumu, na wala hakuna aliyekuwa amemwuliza kama anataka kwenda.

Ikiwa wewe msomaji ndiwe mke, usinyamaze kwa kudhani kwamba mambo yatajirekebisha. Na ikiwa wewe ni mama uliyestaafu huna mume, ukajinunulia ploti mahali ambapo huna ukoo, jiulize ni jirani gani atakayesikia kishindo.

Sitaki udhani nauogopa mkono wa jembe. Mji nao una maradhi yake. Nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi ni za ghorofa nne au tano zisizo na lifti. Una miaka 60 na unapanda vizuri, lakini ukiwa na miaka 70 na goti bovu utakuwa mfungwa wa ghorofa ya nne, na siku ambazo mifereji imekauka itabidi mtoto wa watu akupandishie mtungi wa maji. Kodi hulipwa kila mwezi, na pensheni haikui jinsi kodi inavyokua. Mtu anayetembea shambani kila asubuhi, akapalilia kidogo kabla ya jua kuwa kali, akala matunda yake mwenyewe na kusalimiana na watu ishirini njiani, ana dawa ambayo hainunuliwi River Road. Nimewaona wastaafu waliong'aa baada ya kurudi kwao. Lakini karibu wote walikuwa wamerudi wawili, na walikuwa wakienda na kurudi kwa miaka kabla ya kuhama.

Kwa hivyo shauri langu ni kwamba usihame kwanza. Jaribu. Weka nyumba ya mjini hata kama ni kwa kuipunguza iwe chumba kimoja, kisha nendeni nyote wawili mkakae miezi mitatu, na miezi hiyo isiwe Desemba. Desemba hudanganya kila mtu. Watoto wako nyumbani, kuku wanachinjwa, barabara ni kavu na kila jamaa ana kicheko. Nendeni Aprili, wakati wa masika, matope yakiwa yamekata njia na stima zikipotea siku tatu. Mwombe daktari wako akuandikie kwenye karatasi majina ya dawa zako na vipimo vyake, beba za miezi yote mitatu, na wiki ya kwanza upeleke karatasi hiyo zahanati uulize ni zipi huwa wanazo. Siku moja ondokeni na saa mkononi, mpime muda wa kutoka mlangoni hadi hospitali yenye daktari usiku na mchana. Ikipita saa moja wakati wa ukavu, jua usiku wa mvua itakuwaje.

Halafu angalia nyumba. Choo cha shimo kilicho hatua hamsini kutoka mlangoni, gizani, pasipo mahali pa kushika, ni mtego kwa mtu mwenye goti bovu, na mzee akivunjika nyonga mara nyingi hatembei tena kama zamani. Pesa za roshani ya ghorofa ya pili unayotaka kujenga ili majirani waione, zitie kwenye choo cha ndani cha kukalia. Na jiko la kuni lipewe dirisha kubwa, kwani moshi humla mapafu anayepika.

Kama tayari unatumia insulini, au husafishwa damu kwa mashine kila wiki, au una moyo unaohitaji daktari wake, sidhani kijiji kinakufaa, hata kama ni kizuri namna gani. Lakini kati ya kijiji na Nairobi kuna Kakamega, kuna Embu, kuna Kisii na miji mingineyo. Hospitali nyingi za umma ziliwekwa chini ya kaunti mwaka wa 2013, na kuanzia mwaka wa 2015 nyingi kati ya zile kubwa zilipewa mashine za kusafishia damu. Vyumba viwili vya kupanga katika mji kama huo hukuwezesha kwenda shambani asubuhi na kulala karibu na hospitali. Wazee wa ukoo hawataipenda habari hiyo. Siku utakapougua watakutembelea bila kupanda basi la usiku.

Ndugu yangu sasa anaishi kwa binti yake huku Nairobi, nyumba ya chini. Mkono umerudi nusu. Maneno yamerudi mengi, na la kwanza analouliza kila nimtembeleapo ni kama paa halivuji kule nyumbani. Bado anataka kurudi. Nami simkatazi, ila kila mara namwuliza nani atakwenda naye.

Mwaka ujao zamu ni yangu. Mimi na mke wangu tumekubaliana kwenda Aprili, na yeye ndiye aliyechagua mwezi. Ameshanunua mashine ya kupimia presha. Bei ya lori sijaiuliza.