Nyundo Kabla ya Kompyuta

Limezuka siku hizi neno lenye sauti tamu na matokeo machungu. Husemwa kwamba, madhali kompyuta yaweza kuonyesha chuma kikikunjwa, kikivutwa na kupasuka bila chuma chenyewe kuguswa, shule zetu hazina haja tena ya karakana. Neno hili likikubaliwa, mwanafunzi wa Chidya, katika nchi ya Masasi na Newala, atapewa kioo chenye picha za rangi, na nyundo itaondolewa mkononi mwake. Mimi nalipinga neno hili, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, yafaa tujue kompyuta hufanya nini. Hukigawa kipande cha chuma katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, ikakokotoa jinsi kila kimoja kinavyosukumana na jirani yake. Njia hii ilipewa jina lake la kitaalamu na Ray Clough wa Marekani mwaka 1960. Uharibifu nao una hesabu yake. Mwaka 1958 L. M. Kachanov wa Urusi ya Kisovieti alionyesha kuwa kuharibika kwa chuma kwaweza kuandikwa kama kiasi kinachokua kidogo kidogo, hata chuma kisiweze kubeba tena. Mwaka 1977 A. L. Gurson akatoa kanuni za chuma chenye matundu madogo ndani yake. Matundu hayo huzaliwa penye chembe za uchafu. Chuma kikivutwa hupanuka, yakakutana, na kukutana kwake ndiko ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wazee. Wataalamu hawa wameutafuta ufa kabla haujaonekana. Kazi yao ni ya heshima, wala siidharau.

Walakini hesabu hizo zote zina njaa ya tarakimu. Chuma hiki huanza kubonyea kwa nguvu kiasi gani? Hurefuka kiasi gani kabla ya kukatika? Kompyuta haijui; huambiwa. Naye aiambiaye hapana budi awe amekishika chuma hicho, akakivuta, akakivunja, akakipima. Umakonde husifiwa duniani kwa vinyago, lakini ni wachache wakumbukao kuwa kinyago hutanguliwa na tezo, na tezo hutanguliwa na mhunzi. Mhunzi wa nchi yetu aghalabu hufua springi za magari mabovu, chuma kisicho na cheti cha asili yake. Ukiipa kompyuta tarakimu za chuma kilichopimwa Ulaya, itakujibu upesi, kwa rangi nzuri, juu ya chuma kingine.

Asiyeamini na atazame Norway. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama ukijaribiwa. Ulikuwa wa zege, si wa chuma, lakini somo ni moja: kompyuta iliyopewa mgawanyo mbaya wa vipande ilikadiria nguvu za kukata kuta pungufu kwa asilimia 47.

Pili, hudaiwa kuwa elimu hii haina maneno katika Kiswahili. La, hasha! Ufito hunepa ukarudi. Bati hubonyea lisirudi. Chungu huvunjika ghafula. Kamba huliwa uzi kwa uzi hata ikakatika. Hizo ni sura nne za elimu ile ile, nasi tumezitamka tangu utoto. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa majina yake kwa Kiingereza, akayahifadhi kama hirizi asiyojua kilichoandikwa ndani.

Sisemi kompyuta ikataliwe. Nasema ije ya pili. Shule itakayopewa kompyuta ipewe kwanza fuawe, tupa na mashine ya kuvutia chuma. Mwanafunzi avunje vipande kumi kwa mkono wake, aandike alichokiona kwa lugha yake, ndipo aulize kioo. Hapo kompyuta ikikosea, ataikosoa. Asiyewahi kuvunja chuma ataamini kila rangi, na siku daraja litakapokatika, hatakuwa na la kusema ila kwamba picha ilikuwa nzuri.