Asiyevaa Gwanda

Hoja iliyozaa toleo hili inanikera: kwamba riwaya ya vita iandikwe na aliyeshika bunduki, wengine wakae pembeni. Makala inayoitetea inafuata mara baada ya ukurasa huu. Sikukata hata aya moja, maana imeandikwa kwa ufundi. Lakini siikubali.

Mkoa wetu wa Mara unawajua askari. Jenerali David Musuguri wa Butiama aliingia jeshi la kikoloni la KAR mwaka 1942, akapelekwa Madagascar chini ya bendera ya Mwingereza. Mwaka 1979, katika vita vya Kagera, ndiye aliyeiongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Alifariki mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Majeshi mawili ndani ya maisha ya mtu mmoja: hapo pana riwaya zaidi ya moja. Aziandike nani? Askari hustaafu na siri za kazi yake. Mgambo aliyeitwa mwaka 1978 alirudi kulima na kuvua, wala hakuna aliyemwendea na daftari. Ukimkataza asiyepita jeshini, na aliyepita kinywa chake kimefungwa, riwaya umeiua kabla haijatungwa.

Mtazameni mwanariwaya Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, miaka 30 baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza kwisha katika nchi hii. Aliondoka akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya 1964, akawa mgeni Uingereza. Katika riwaya yake Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, kijana Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake, na jeraha linalomlemaza analipata kwa mkono wa mkubwa wake mwenyewe, si wa adui. Kisha anarudi mjini akichechemea, hana ndugu, hana pa kulala, anaomba kibarua. Kurasa hizo za kurudi zina nguvu kuliko zote za mapigano. Mapigano Gurnah aliyapata kwa kusoma na kusikia. Kufika mahali ambapo huna mwenyeji alikujua mwenyewe, na ndiko alikompa Hamza.

Shaaban Robert naye hakupigana. Vita Kuu ya Pili ilimkuta karani wa serikali ya kikoloni, na Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kifo chake, unavitazama vita kutoka mezani pa karani: mataifa yanagombana, watawala wanainuka na kuanguka, lakini askari mmoja mwenye malengelenge miguuni haonekani kwa karibu. Mwandishi wa makala ile ataudaka mfano huu kuwa ushahidi wake. Asiudake haraka. Gurnah naye alikuwa mbali na vita, tena mbali zaidi. Kilichowatofautisha ni maumivu ambayo kila mmoja aliyaleta kwenye kazi yake.

Huku kisiwani Rukuba, siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, wazee waliokwenda Uganda husimulia. Mizinga hawaitaji sana. Hutaja matope, viatu vilivyooza, chakula kilichochelewa. Wanaowasikiliza ni wake zao na wajukuu. Hao wamekaa na vita hivyo ndani ya nyumba zaidi ya miaka 40, na ninaamini kwa moyo wote kwamba riwaya kubwa ya vita vya Kagera itatoka kwao.

Mengine msome wenyewe. Makala kuhusu Haini ya Adam Shafi, ambaye mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya Rais Karume wa Zanzibar kuuawa mwaka 1972, ni ya kusomwa mara mbili. Uhakiki wa Kaburi Bila Msalaba ya Kareithi ni mfupi mno kwa riwaya ya vita vya Mau Mau. Utenzi wa Muhanika juu ya vita vya Kagera umepata mhakiki mkali, na ulimstahili.

Kwa toleo lijalo nataka hadithi za wajane, wake na watoto wa askari, kutoka Musoma, Bunda, Butiama na visiwani. Asiyeweza kuandika asimulie, mjukuu aandike. Tutazihariri kwa upole, na majina ya wahusika tutayabadilisha.